Sampuli Moja

Msimtafute humu sungura mjanja,
yule wa kumzidi fisi akili, kisha akacheka mwishoni.
Wa msitu wa Alutaguse hana hadithi. Ana mavi:
punje kavu za mviringo, rangi ya chai ya jana,
na Maarika huziokota kwa koleo juu ya theluji,
akaandika tarehe, kichaka,
nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.

Ndani ya kila punje mna usiku mzima.
Maabara ya Tartu huusoma:
huyu alilala, huyu hakulala,
huyu moyo ulimwenda mbio tangu magharibi hadi alfajiri
wala hapana jino lililomgusa.

Maana linksi hayupo.
Kuna spika tu, imefungwa kwenye msonobari,
imevikwa mfuko wa plastiki,
inalia kwa sauti ya linksi kila dakika arubaini.
Ng'ambo ya kijito spika ya pili
hutoa sauti ya gogota, ndege asiye na ugomvi na sungura.
Magome ya kuguguna ni yale yale. Baridi ni ile ile.
Ila majike wa upande huu huzaa wawili badala ya wanne,
na vitoto vyao, visivyoisikia sauti ile hata mara moja
(aliizima mwenyewe, kabla havijazaliwa),
hushtuka jani likidondoka.

Mtafunwa na nyoka, tunasema, akiona unyasi hushtuka.
Sawa. Na asiyetafunwa?
Hata mama yao hakutafunwa.
Alisikia tu.

"Sungura si mtu," profesa Randmaa ameandika pembeni.
Maarika akakubali, akafuta aya nzima.
Kuna mahali takwimu hunyamaza
na mwenye takwimu sharti anyamaze nazo.

Nyumbani, ghorofa ya nne, Jumatano,
mtu anabisha.
Saa ya mkononi inahesabu: sabini na mbili, tisini,
mia na kumi na nane.
Kitasa kiko hatua tano. Yeye kasimama jikoni,
kijiko hewani, masikio yamerefuka.
Daktari ameshampima: moyo mzima, tezi nzima,
presha inapanda na kushuka bila sababu.
Mwanasaikolojia aliuliza, je, uliwahi kuvunjiwa mlango?
La.
Mama yako?
La. Mama alikuwa tumboni
usiku ule wa Machi walipokuja na orodha,
wakakuta bibi Leida kaenda kwa dada yake kukopa chachu,
wakaandika *hayupo*, wakahamia nyumba ya pili.
Kwetu hakuchukuliwa mtu.

Ila bibi alilala na viatu miaka kumi na mmoja.
Na mama, Helju, hadi leo
ana mkate mkavu ndani ya sanduku chini ya kitanda,
huubadilisha kila mwezi,
ukimuuliza husema, "Mkate haugombi na mtu."

Mtu anabisha tena.
Säde, miaka minane, anatoka chumbani na soksi moja,
haulizi nani,
anafungua mlango hadi unagonga ukuta.
Ni mleta vifurushi. Ana mafua, ana haraka.
Mtoto anasaini kwa herufi kubwa, ulimi nje,
anamuuliza kama mbwa wake ameshapona mguu.

"Mama, ni zako. Nzito!"
Betri ishirini na nne za spika.

Mia na tisa. Mia na tatu.
Maarika anavuta kiti, anakaa,
anatoa daftari, si lile la kazi,
anaandika tarehe, mlango, kizazi cha nne:
*hakushtuka.*
Anaitazama sentensi.
Kisha, kwa mazoea ya kazi, anaongeza alama ya kuuliza,
na chini yake, kwa mwandiko mdogo:
sampuli ni moja tu.